Dennis Ritchie: maisha ya mutu ambaye kazi yake iko ndani ya telefone za Masisi na Walikale

Ujumbe mufupi unatokea kwenye telefone: nafasi imejaa. Mara nyingi unatokea saa mbaya kabisa. Mutu anataka kupiga picha ya nyumba yake mbele ya kukimbia, ao kurekodi sauti ya muzee anayeeleza mipaka ya shamba, na mashini inakataa.

Katika Masisi na Walikale, mahali ambapo familia nyingi zimehama mara mbili ao mara tatu, telefone imekuwa sanduku la familia. Ndani yake njo kuna picha za waliokufa, picha ya karte ya uchaguzi, ya diplome ya mutoto, ya hati ya kiwanja. Nafasi ikiisha, mutu analazimika kuchagua palepale ni nini afute. Wengi wanafuta haraka, kisha wanalia baadaye.

Swali la kujua ni nafasi ngapi inayobakia halikuanza na telefone. Mwaka wa 1971 kulikuwa tayari ordinatere iliyolijibu kwa herufi mbili tu: df. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye kumaanisha nafasi ya disike ambayo haina kitu. Mutu anaandika herufi hizo mbili, anabonyeza, na mashini inamwambia kiasi kinachobakia. Amri hiyo ndogo ilitoka katika kikundi cha watu wachache wa Marekani, na mumoja wa wakubwa wa kazi ile alikuwa Dennis Ritchie.

Ritchie alikufa mwaka wa 2011. Jina lake linajulikana katika iniversite za dunia nzima. Katika masoko ya Rubaya na ya Walikale-Centre ni wachache wanaolijua, hata kama mawe yanayochimbwa katika wilaya hizo mbili ni ya aina inayohitajiwa katika kila mashini inayotumia kazi yake.

Mutoto wa mufanyakazi wa telefone

Dennis MacAlistair Ritchie alizaliwa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka wa 1941 katika muji wa Bronxville, karibu na New York. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mutaalamu katika Bell Labs, nyumba ya utafiti ya kampuni kubwa ya telefone ya Marekani, AT&T. Kazi ya baba ilihusu mitambo inayounganisha mutu mumoja na mwingine wakati wanapigiana simu. Aliandika hata kitabu juu ya jambo hilo pamoja na wenzake.

Familia ilihamia Summit, katika jimbo la New Jersey, karibu na maabara hayo. Dennis alimaliza masomo ya sekondari pale, kisha akaingia iniversite ya Harvard. Alisoma fizike, baadaye akaendelea na hesabu.

Pale Harvard kulitokea jambo ambalo linaonyesha tabia yake. Mwaka wa 1968 alimaliza kuandika kitabu cha doktora. Kilichobakia kilikuwa kidogo tu: kupeleka nakala iliyofungwa vizuri kwenye maktaba ya iniversite. Hakuipeleka. Kwa sababu hiyo hakupata kamwe cheo cha daktari, hata kama kazi yote ilikuwa imekwisha kufanywa. Kwa miaka mingi maandishi yale hayakuonekana na watu, mpaka mwaka wa 2020 nyumba moja ya makumbusho ya ordinatere huko California ilipoyaonyesha watu wote.

Wakati ule alikuwa tayari mufanyakazi wa Bell Labs. Aliingia mwaka wa 1967, akafuata njia ya baba yake, akabaki katika nyumba ileile karibu miaka 40.

Mupango mukubwa unaanguka

Alipofika, Bell Labs ilikuwa inashirikiana na iniversite ya MIT na kampuni ya General Electric katika mupango ulioitwa Multics. Ulikuwa wa kutengeneza programu kubwa ya kuongoza ordinatere moja, ili watu wengi waitumie kwa wakati mumoja. Siku zile ordinatere moja ilijaza chumba kizima na bei yake ilikuwa ya kutisha.

Multics ilikuwa nzito, na kazi ilichelewa. Mwaka wa 1969 wakubwa wa Bell Labs waliona franka zinaenda bila matunda ya karibu, wakajitoa. Ritchie na rafiki yake Ken Thompson walibaki bila chombo kizuri cha kufanyia kazi. Waliomba wanunuliwe mashini nyingine mara kadhaa, wakakataliwa.

Hawakukaa mikono mitupu. Pamoja na mwenzao Rudd Canaday, walichora kwenye ubao namna disike inaweza kupangwa: fishie ziwekwe namna gani, majina yao yaandikwe wapi, na mashini ijue namna gani sehemu zenye kitu na sehemu zisizo na kitu. Kisha Thompson alipata mashini ndogo ya zamani, PDP-7, ambayo haikutumiwa sana. Katika mwaka ule wa 1969 aliandika ndani yake mwanzo wa programu ambayo baadaye iliitwa Unix. Jina lenyewe lilikuwa la kuchezea lile la Multics.

Mwaka wa 1970 wakubwa walikubali kununua mashini mupya, PDP-11, kwa dola 65 000 hivi. Lakini kulikuwa sharti: kikundi kile kingetengeneza namna ya kuandika na kupanga maandishi kwa ajili ya biro. Mashini ilifika wakati wa joto, bila disike. Disike ilikuja mwezi wa 12. Miezi ile ya kungojea, mashini iliwekwa pembeni, ikaachwa ihesabu njia za kutembeza farasi kwenye ubao mudogo wa mchezo wa shaki.

Disike ndogo kuliko picha moja

Disike ilipofika, ilikuwa ya nusu milioni ya herufi hivi. Ili kuelewa udogo wake, inatosha kuilinganisha na telefone ya leo. Picha moja ya telefone ya kawaida mara nyingi inashinda herufi milioni mbili. Picha hiyo moja isingeingia katika disike nzima ya Ritchie na Thompson. Sauti ya redio iliyofinywa kwa namna ya MP3 ya kawaida ingeijaza mbele ya dakika moja kuisha.

Juu ya disike hiyo ndogo walifanya kazi watu kadhaa. Kulikuwa wenyewe wenye kuandika programu, na kulikuwa wafanyakazi wa biro ya hati za uvumbuzi waliopiga maandishi muchana kutwa. Wote walikula katika sahani moja. Mumoja akiweka vitu vingi, mwenzake anakosa pa kuandika. Njo maana kujua kinachobakia hakukuwa mambo ya kujifurahisha. Ilikuwa kama kujua unga uliobakia katika nyumba yenye watu wengi.

Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka wa 1971, Thompson na Ritchie walitoa kitabu cha kwanza cha kueleza Unix. Amri ziliandikwa kwa kufuata alfabeti, kila moja na maelezo mafupi. Kati yao kulikuwa df.

Namna herufi hizo mbili zinavyofanya kazi

Mutu anaweza kufikiri kwamba df inatembea ndani ya disike yote na kupima kitu kimoja kimoja. Hapana. Mufano wa depo ya maharagi unasaidia kuelewa.

Musimamizi mwema wa depo ana kitabu. Mufuko ukiingia anaandika, ukitoka anafuta. Mutu akija kuuliza nafasi inayobakia, musimamizi hahitaji kuhesabu mifuko tena. Anafungua kitabu, anajibu. Disike ya Unix ilikatwa katika vipande vidogo, kila kimoja cha herufi 512. Katika sehemu ya mbele ya disike kulikuwa orodha ya alama, moja kwa kila kipande, yenye kuonyesha kama kipande hicho kina kitu ao hapana. Amri ya df ilisoma orodha hiyo, ikahesabu vile visivyo na kitu.

Kuna amri nyingine, du, ambayo inafanya kinyume. Yenyewe inapita ndani ya depo na kuhesabu mifuko mumoja kwa mumoja. Inachukua wakati murefu zaidi, lakini inaonyesha ni nani aliyejaza nafasi.

Mara kwa mara amri hizo mbili hazipatani, na mufundi asiyejua sababu anafikiri mashini ni mugonjwa. Sababu moja ni hii: fishie imefutwa, lakini kuna programu ambayo bado inaitumia. Ni kama mufuko uliokwisha futwa kwenye orodha ya wenyewe, kumbe mutu bado ameukalia ndani ya depo. Nafasi hairudi mpaka asimame. Programu ile ikifungwa, df inaonyesha nafasi imerudi.

Sababu nyingine ni kwamba ordinatere nyingi za Linux zinaweka pembeni sehemu ya disike kwa ajili ya musimamizi, mara nyingi 5 kwa 100. Watumiaji wa kawaida wanaambiwa nafasi imeisha, lakini musimamizi bado ana mahali pa kuingia na kutengeneza. Tena inatokea depo inakuwa na nafasi lakini kitabu kimejaa, hakuna tena mustari wa kuandika jina jipya. Ni hivyo kwa disike yenye fishie ndogondogo nyingi sana. Kwa hali hiyo mufundi anaandika df na kuongeza alama -i, ili aone mistari inayobakia. Akiongeza -h, hesabu inakuja kwa namna rahisi kusoma, kwa mega na giga.

Luga ya C

Kazi iliyomupa Ritchie jina kubwa zaidi ilikuwa bado njiani. Unix ya kwanza iliandikwa kwa luga ya mashini yenyewe. Kila aina ya ordinatere ilikuwa na luga yake. Programu iliyoandikwa kwa PDP-11 ilikufa na PDP-11. Ilikuwa sawa na mutor wa pikipiki ambao hauwezi kuingia katika pikipiki ya aina nyingine yoyote.

Thompson alikuwa na luga ndogo aliyoiita B. Ritchie aliichukua, akaiongezea nguvu, na kati ya 1971 na 1973 akatoa luga mupya aliyoiita C. Mwaka wa 1973 Unix iliandikwa upya kwa luga hiyo. Tangu pale iliwezekana kuhamisha programu nzima kutoka mashini moja mpaka nyingine kwa kurekebisha sehemu ndogo tu.

Mwaka wa 1978 Ritchie na mwenzake Brian Kernighan walitoa kitabu cha kufundisha luga ya C. Ni kitabu chembamba, na kilifundisha wafundi wa ordinatere wa nchi nyingi.

Kuenea kwa Unix kulisaidiwa na jambo ambalo hawakulipanga. Mapatano ya mbele ya tribinali, ya mwaka wa 1956, yalizuia AT&T kuingia katika biashara nyingine inje ya telefone. Kampuni haikuweza kuuza Unix kama bidhaa ya kawaida. Iliitoa kwa iniversite kwa bei ndogo, pamoja na maandishi yake yote. Wanafunzi walisoma, wakajifunza, wakaongeza yao.

Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Finlande, Linus Torvalds, alianza programu yake iliyofuata mawazo ya Unix. Iliitwa Linux, na iliandikwa kwa C. Telefone zote za Android zimejengwa juu ya Linux. Telefone za iPhone nazo zinatoka katika ukoo wa Unix. Maandishi ya df ya leo si yaleyale ya 1971, wengine waliyaandika upya. Lakini jina, wazo na herufi mbili zimebaki.

Mawe ya Rubaya na ya Bisie

Kuna uzi mwingine unaounganisha maisha hayo na Kivu ya Kaskazini, hata kama Ritchie mwenyewe hakutafuta kuufunga.

Coltan inayochimbwa Rubaya, katika wilaya ya Masisi, inatoa madini ya tantale. Tantale inatumiwa kutengeneza vipande vidogo sana vinavyoweka umeme kwa muda mufupi ndani ya telefone na ordinatere. Kasiterite ya Bisie, katika wilaya ya Walikale, inatoa bati. Bati njo inayeyushwa ili kushikamanisha vipande juu ya ubao wa ndani wa mashini. Bila ya kwanza wafundi wangetafuta vipande vya aina nyingine. Bila ya pili, ubao hauwezi kushikamana vizuri.

Luga ya C ilifanya programu moja iweze kutumika katika mashini nyingi, na mashini hizo zikawa rahisi kwa bei na nyingi kwa hesabu. Mashini zilipokuwa nyingi, mawe yalitafutwa zaidi. Mwenye kubeba mufuko wa kasiterite kutoka porini na mwenye kuandika programu katika chumba cha New Jersey hawajaonana hata siku moja. Lakini kazi zao zinakutana ndani ya telefone moja. Mumoja alipewa zawadi za dunia, mwingine bado anangoja barabara.

Zawadi, kisha kifo bila kelele

Mwaka wa 1983 Ritchie na Thompson walipewa zawadi ya Turing, ambayo ndiyo kubwa kupita zote katika mambo ya ordinatere. Mwaka wa 1999 rais Bill Clinton aliwapa nishani ya taifa ya teknolojia. Ritchie aliendelea na kazi yake ya utafiti, akaongoza kikundi chake, akashiriki katika programu nyingine kama Plan 9 na Inferno. Alipumzika kazi mwaka wa 2007.

Wenzake walimujua kama mutu mupole, mwenye kuandika vizuri, asiyependa kujionyesha. Alizoea kufika kazini muchana, kisha akafanya kazi mpaka usiku. Katika mashini alijulikana kwa herufi tatu za jina lake, dmr. Hakuoa, na katika miaka ya mwisho aliishi peke yake huko Berkeley Heights, New Jersey, na afya yake ilikuwa imezoofika.

Mwaka wa 2011 yeye na Thompson walipewa zawadi ya Japani. Mwaka ule Japani ilipigwa na tetemeko la inchi na maji ya bahari, na Ritchie alipokea yake palepale Bell Labs, mwezi wa 5. Tarehe 12 mwezi wa 10 alikutwa amekufa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 70.

Wiki moja mbele yake, tarehe 5, alikuwa amekufa Steve Jobs wa kampuni ya Apple. Dunia nzima ililia, maua yaliwekwa mbele ya maduka, redio zilisema siku nyingi. Kifo cha Ritchie kilijulikana polepole, kwa ujumbe wa rafiki wa kazi. Wafundi wa ordinatere waliandika juu yake, magazeti yakafuata. Watu wengi walisoma habari ile juu ya mashini zilizokuwa na kazi yake ndani, bila kujua.

Kinachobakia

Katika redio ya kijamii yenye ordinatere moja, somo la maisha hayo iko wazi. Saa moja ya sauti isiyofinywa inakula zaidi ya mega 600. Disike ikijaa katikati ya mazungumzo, maneno ya mwisho yanapotea, na yule aliyesema pengine hatarudi tena, sababu amehama ao amekufa. Mufundi anayeandika df -h kila asubuhi mbele ya kurekodi anachukua nusu dakika tu. Kama anaona sehemu iliyotumiwa imepita 90 kwa 100, anahamisha za zamani mbele ya kupokea mupya.

Mwenye telefone naye anaweza kufungua sehemu ya parametre, aangalie mahali pa nafasi. Ni swali lilelile la 1971 lenye kuvaa nguo nyingine. Afadhali kuliuliza siku ya utulivu, wakati kuna nafasi ya kufikiri ni picha gani ya kubakiza, kuliko siku ya kukimbia.

Lakini df ina mipaka yake. Inasema nafasi inayobakia, haisemi kama disike iko muzima. Disike yenye nafasi tele inaweza kufa kesho, ikaibiwa, ao ikabaki ndani ya nyumba iliyoachwa. Picha ya karte ya uchaguzi iliyo katika telefone moja tu bado haiko salama. Inafaa nakala ya pili iwe mahali pengine: katika karte memuari iliyofichwa, kwa ndugu wa Goma ao Bukavu, ao kwa mutoto aliye mbali.

Hata kitabu cha doktora cha Ritchie kiliponea kwa namna hiyo. Maktaba ya Harvard haikuwa nacho, kwa sababu mwenyewe hakukipeleka. Kinasomwa leo kwa sababu nakala zake zilibaki mahali pengine, kwa watu waliozichunga.